Tumbo Likijazwa Gesi

Mwaka 1901, mjini Hamburg, Ujerumani, madaktari walikusanyika mkutanoni, na mbele yao akaletwa mbwa hai. Daktari aliyemleta aliitwa Georg Kelling, mtu wa mji wa Dresden. Alimchoma mbwa sindano tumboni, akapitisha hewa iliyochujwa kwa pamba safi, akaendelea kuijaza mpaka tumbo likatuna. Kisha akapenyeza bomba jembamba lenye taa, lile lililobuniwa kwa kuchungulia kibofu cha mkojo, akaangalia ndani.

Ngoja nikwambie kilichokuwa kikimsumbua Kelling. Enzi zile mtu akivuja damu ndani ya tumbo, kwa sababu ya kidonda cha tumbo au mimba iliyotunga nje ya kizazi, madaktari hawakuwa na mengi ya kumfanyia. Kelling akawaza: itakuwaje tukilijaza tumbo hewa, hewa hiyo ibane mishipa inayovuja mpaka damu ikome? Akajaribu kwa mbwa. Na kwa kuwa hakupenda kubahatisha, akatia lile bomba ili aone kwa macho yake hewa inavifanya nini viungo vya ndani.

Wazo la kuzuia damu kwa hewa halikufika mbali. Kuchungulia ndiko kulikobaki. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, Sweden, akaeleza jinsi alivyochungulia matumbo ya binadamu kwa njia kama hiyo, na kutoka hapo, kwa miaka mingi ya majaribio na ubishi, tukafika kwenye upasuaji wa matundu madogo unaofanyika leo Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko. Swali la Kelling, hata hivyo, halijazeeka. Gesi ikiingia tumboni, viungo vya ndani vinafanyaje? Hilo ndilo ninalotaka tulifuatilie, na tutalifuatilia ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Tumchukue msichana wa kidato cha pili. Jana usiku tumbo lilianza kumuuma kwenye kitovu. Alfajiri maumivu yakahamia chini, upande wa kulia. Akatapika, akakataa chai, na hospitali wakamwambia ni kidole tumbo. Sasa amelazwa chali kwenye kitanda cha chumba cha upasuaji. Kichwani pake amekaa daktari wa usingizi, na huyu ndiye wa kumtazama sana katika hadithi yetu, maana wengi humsahau. Amempa msichana nusu kaputi. Msichana halali tu kama unavyolala wewe: misuli yake imelegezwa kabisa, hawezi hata kupumua mwenyewe. Bomba laini limepita mdomoni hadi kwenye koo la hewa, na mashine inampumulia.

Mpasuaji anataka kukiona kile kidole tumbo. Lakini tumbo lako, msomaji wangu, halina chumba kitupu ndani. Ukuta wake umelala moja kwa moja juu ya utumbo, kama chandarua kilichokatika kamba na kumwangukia aliyelala. Ukitia kamera hapo utaona wekundu tu uliogandana na kioo. Lazima ukuta uinuliwe, na kinachouinua ni gesi.

Njia inayotumika sana ni kupitia kitovuni, kwa sababu hapo ukuta ni mwembamba. Sindano inayotumiwa na wengi ina jina la János Veress, daktari wa Hungaria, ambaye hata hakuwa akifikiria matumbo. Katika miaka ya 1930 alikuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu. Kabla dawa za ugonjwa huo hazijapatikana, madaktari waliingiza hewa kando ya pafu ili pafu lisinyae na kupumzika. Veress aliogopa kulitoboa pafu lenyewe, akatengeneza sindano yenye ncha kali nje na kijiti butu ndani, kilichokazwa kwa springi. Ncha ikishapenya nyama ngumu na kufika mahali pa wazi, kijiti kinaruka mbele na kuifunika. Wapasuaji wengine hawaiamini hata hiyo. Hukata kidogo, wakaingia huku wanaona kwa macho, na mimi siwezi kuwalaumu.

Mpira unafunguliwa, na gesi inaanza kuingia polepole, kama lita moja kwa dakika.

Lakini ni gesi gani? Kelling alitumia hewa tunayovuta, na sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye damu. Povu lake likiponyoka na kuingia kwenye mshipa linaweza kusafiri hadi moyoni na kuziba njia. Oksijeni je? Inachochea moto, na mpasuaji hufunga mishipa midogo kwa kuiunguza na umeme. Hutaki cheche ndani ya tumbo lililojaa oksijeni. Mwaka 1924 Richard Zollikofer wa Uswisi akapendekeza kabonidayoksaidi, gesi ileile inayofanya soda itoe povu. Haiwaki, tena imo kwenye vizimamoto. Inayeyuka kwenye damu zaidi ya mara 20 kuliko oksijeni. Na mwili unajua namna ya kuitoa, kwani huitoa kila unaposhusha pumzi.

Basi kabonidayoksaidi inaingia, tumbo la msichana linapanda, na hapohapo mashine iliyokuwa ikilia ti, ti, ti, inaanza kulia ti... ti...... ti.

Moyo umepunguza mwendo. Ule utando laini unaofunika viungo vya ndani umevutwa ghafla, na mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaounganisha ubongo na moyo na tumbo, umepeleka habari ya mvuto huo. Jibu la vagasi ni kuuambia moyo upunguze kasi. Kwa baadhi ya watu, hasa vijana wenye vagasi yenye nguvu, moyo unaweza hata kusimama kwa muda.

"Daktari, simamisha gesi," anasema wa kichwani.

"Nimefunga."

"Itoe kabisa."

Wa tumboni hajibu kwa maneno, anafungua mlango wa gesi, nayo inatoka ikizomea. Moyo unarudi kwenye mwendo wake. Ungekawia, ipo dawa ya atropini kwenye sindano, tayari imeshavutwa. Wanasubiri kidogo, kisha wanaanza tena, polepole kuliko mwanzo. Mara nyingi safari ya pili haina matata. Ndiyo maana gesi hukaribishwa taratibu, na ndiyo maana mpasuaji mwenye kiburi asiyemsikiliza daktari wa usingizi ni mtu wa kuogopwa.

Mashine ya gesi imepangwa iishie kwenye 12. Hiyo ni 12 ya kipimo kiitwacho milimita za zebaki, kilekile wanachotumia kupima shinikizo la damu. Kwa watu wazima kawaida ni kati ya 12 na 15, na kwa watoto wadogo hupunguzwa zaidi. Kwa siku za kawaida, ndani ya tumbo lako shinikizo ni kati ya sifuri na tano.

Kumi na mbili ni kubwa au ndogo? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mengi ya hadithi hii yamejificha katika swali hilo. Ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, hubeba damu yenye shinikizo linalofika 120 moyo unapokaza. Kwa ateri, 12 ni ya kudharau. Lakini damu ikishazunguka mwilini na kuanza kurudi moyoni, inapita kwenye vena ikiwa imechoka. Vena kubwa inayopanda mbele ya uti wa mgongo, ikileta damu ya miguu na tumbo, shinikizo lake halizidi tano au nane. Kwake 12 ni jitu. Ukuta wake mwembamba unabonyea.

Kwanza gesi inapoanza kukandamiza, damu iliyokuwa imetulia kwenye vena za tumbo inasukumwa kuelekea moyoni, kwa hiyo kwa muda mfupi moyo unapata damu nyingi kuliko kawaida. Kisha shinikizo likiendelea kupanda, njia inabanwa, damu ya miguuni inachelewa kupanda, na moyo unapokea kidogo. Moyo hausukumi usichopewa. Kwa mtu mzima, kiasi cha damu kinachosukumwa kila dakika kinaweza kupungua kwa asilimia 10 hadi 30.

Ungetarajia basi namba ya shinikizo la damu ishuke kwenye kioo cha mashine. Mara nyingi haishuki, na wakati mwingine hupanda! Mwili ukihisi umebanwa humwaga homoni zake za dharura, ateri ndogo zinajikaza, na damu ile iliyopungua inapita kwenye njia nyembamba zaidi. Namba inapendeza, mtiririko umepungua. Daktari wa usingizi asiyelijua hilo anaweza kufurahia kioo huku moyo wa mzee mgonjwa ukihangaika. Moyo wa msichana wetu ni mchanga na mzima, unavumilia. Moyo uliokwisha kudhoofika ndio unaohitaji mahesabu.

Kwenye miguu, damu iliyocheleweshwa inaweza kuganda, hasa operesheni ikiwa ndefu. Kwa hiyo wagonjwa wenye hatari hiyo huvalishwa soksi za kubana.

Figo nazo zimo ndani ya kubanwa huko. Mishipa yake inapata damu kidogo, na homoni zilezile za dharura zinaziambia zihifadhi maji. Mkojo unapungua wakati wa operesheni. Daktari mgeni anaweza kuhangaika na kummiminia mgonjwa chupa baada ya chupa za dripu, kumbe gesi ikitoka tu figo zenye afya zinarudi kazini zenyewe.

Sasa tupande juu. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo, msuli mpana uliolala kama sakafu ya kifua. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka na mapafu yakapata nafasi. Leo gesi inakisukuma juu. Mapafu ya msichana yamefinywa kutoka chini, na vifuko vidogo vya hewa sehemu za chini vinaanza kusinyaa. Mashine ya kupumulia, iliyokuwa ikisukuma hewa kwa urahisi, sasa inakutana na ukinzani. Kisha mpasuaji anaomba kitanda kiinamishwe, kichwa chini na ubavu wa kushoto chini, ili utumbo uteleze na kukiacha wazi kidole tumbo upande wa kulia. Uzito wa utumbo nao unakwenda kukilalia kiwambo.

Hapa pana mtego ambao hufundishwa kila mwanafunzi wa usingizi. Bomba la kupumulia limefungwa kwa plasta mdomoni, halisogei. Lakini mapafu yamesukumwa juu, pamoja na ile njia panda ambapo koo la hewa hugawanyika kwenda kulia na kushoto. Bomba limebaki palepale na njia panda imelifuata! Ncha inajikuta imeingia tawi la kulia, ambalo ni pana na limenyooka zaidi. Pafu la kushoto halipati kitu. Namba ya oksijeni kwenye kioo inaanza kuteremka: 99, 97, 94. Daktari wa usingizi anaweka kipimo chake cha masikioni kifuani, anasikiliza kulia, anasikiliza kushoto. Kushoto kimya. Anafungua plasta, analivuta bomba sentimita moja au mbili, anasikiliza tena. Namba zinapanda. Msichana hatajua kamwe.

Kuna jambo lingine, nalo haliletwi na kubanwa, linaletwa na gesi yenyewe. Tulisema kabonidayoksaidi inayeyuka vizuri kwenye damu. Uzuri huo una gharama. Utando wa tumbo ni mpana na una mishipa mingi midogo, kwa hiyo gesi inapenya na kuingia kwenye damu muda wote wa operesheni. Ikichanganyika na maji ya damu inatengeneza asidi, ile inayoipa soda ukali wake ulimini. Damu ikizidi asidi, moyo unaweza kwenda kombo, na mishipa ya ubongo hutanuka na kuongeza shinikizo ndani ya fuvu. Kichwa kikiwa kimeinamishwa, shinikizo hilo linazidi.

Mtu aliye macho angehema haraka bila hata kufikiri. Ndivyo unavyofanya ukikimbia: misuli inatoa kabonidayoksaidi nyingi, ubongo unaihisi, unahema. Msichana hawezi kuhema. Daktari wa usingizi anahema kwa niaba yake. Kwenye bomba kuna kifaa kinachopima kabonidayoksaidi katika kila pumzi inayotoka, na kioo kinachora vilima, kimoja kwa kila pumzi. Kilele kinatakiwa kiwe kati ya 35 na 45 hivi, kwa kipimo kilekile cha milimita za zebaki. Vilima vinarefuka: 41, 44, 48. Anaongeza kazi ya mashine, kwa kawaida asilimia 20 hadi 30, na vilima vinashuka. Baada ya dakika 15 hadi 30 hivi mambo hutulia, kinachoingia kikalingana na kinachotoka. Kama vilima vinaendelea kupanda tu, anamgusa msichana shingoni na kifuani. Ngozi ikitoa mlio wa kukwaruza chini ya vidole, gesi imetorokea chini ya ngozi.

Nani aliyeyafunga haya yote katika namba moja inayoweza kuaminika? Kurt Semm, daktari wa wanawake wa Ujerumani, ambaye ufundi wake wa mikono ulikuwa sawa na uganga wake. Kabla yake wengi waliingiza gesi kwa kukisia. Miaka ya 1960 alitengeneza mashine inayopima shinikizo la tumbo, ikaongeza gesi inapopungua na kuacha inapotosha. Mwaka 1980, mjini Kiel, akatoa kidole tumbo kwa matundu madogo. Unadhani alipongezwa? Wapasuaji wakubwa wa nchi yake walimkasirikia, na hata kabla ya hapo wenzake walishamtaka apimwe ubongo kuhakikisha kama ni mzima. Aliukubali uchunguzi, akaendelea na kazi. Leo kutoa kidole tumbo kwa njia yake ni jambo la kila siku.

Kidole tumbo cha msichana kimeshakatwa na kutolewa kwenye kifuko. Kitanda kinasawazishwa. Milango ya gesi inafunguliwa, mpasuaji anakandamiza tumbo kwa viganja, na daktari wa usingizi anajaza mapafu ili kiwambo kishuke na kuisukuma gesi nje. Vena inafunguka, miguu inarudisha damu, figo zinaamka. Matundu matatu yanashonwa.

Kesho yake msichana anamwita muuguzi. "Dada, mbona bega linaniuma? Walinipasua tumbo au bega?"

Swali zuri sana, na jibu lake ndilo ninalolipenda kuliko yote. Gesi haikutoka yote. Kidogo imebaki, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko nyama na maji, msichana akiketi inapanda na kukaa chini ya kiwambo, ikikichokoza, tena na kiwambo chenyewe kilikuwa kimevutwa. Kiwambo kina mishipa yake mikuu ya fahamu, lakini haitoki kifuani wala tumboni. Inatoka shingoni. Ulipokuwa mimba ya wiki chache tumboni mwa mama, kiwambo chako kilianza kuumbika karibu na shingo. Mwili ulipokua, kikateremka mpaka kilipo leo, kikivuta mshipa wake wa fahamu nyuma yake. Na sehemu hiyohiyo ya shingo inapokea habari za ngozi ya bega. Ubongo umezoea kupata habari za bega kutoka huko kila siku, za kiwambo karibu hazipo. Habari ya uchungu ikija, unaamini ni ya bega. Bega la msichana halina kosa lolote.

"Lala kidogo," muuguzi anamwambia, "kisha utembeetembee. Itaisha." Anampa paracetamol. Kwa siku mbili tatu damu inaiyeyusha gesi iliyobaki, mapafu yanaitoa, na bega linanyamaza.

Si kila mgonjwa ana mwili wa msichana huyu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na ugonjwa huo huvunja chembe nyekundu za damu kwa wingi. Mabaki yake hutengeneza mawe kwenye kifuko cha nyongo, kwa hiyo watoto hawa huhitaji operesheni ya matundu madogo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Nao ndio wasiotaka asidi kwenye damu, baridi, upungufu wa oksijeni wala damu inayokawia miguuni, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuzifanya chembe zao zijikunje kama mundu na kuziba mishipa. Gesi inaweza kuleta yote manne, kwa maana hata baridi inatoka nayo mtungini. Inawezekana kuwapasua salama, na hufanyika, lakini daktari wa usingizi lazima ajue mapema. Huongezewa maji, hufunikwa blanketi la joto, na shinikizo la gesi hupunguzwa kadiri mpasuaji anavyoweza kuvumilia.

Huko vijijini India, wapo wapasuaji wanaofanya kazi bila gesi kabisa, wakiuinua ukuta wa tumbo kwa kifaa cha chuma. Nafasi wanayoipata ni ndogo kuliko ya gesi, lakini hawahitaji mtungi, na hakuna asidi wala vena iliyobanwa.

Kwa hiyo siku wewe au ndugu yako akipangiwa operesheni ya aina hii, daktari wa usingizi atakuja kitandani na maswali mengi ya kuchosha. Mjibu yote kweli. Mwambie kama una selimundu, pumu au mafua, kama moyo uliwahi kukusumbua, dawa unazomeza, zikiwemo za mitishamba, jino linalolegea, na saa uliyokula mara ya mwisho, hata kama ni andazi moja tu ulilolimega kwa siri.